Mvua Isubiri Awamu ya Tano

"Bale Nyigu, bado banacheza?"

Papa aliniuliza hivyo mwezi uliopita bila kugeuza shingo, akiwa kwenye kiti cha karibu na dirisha ambacho miaka yote tumekiita kiti cha Papa, ingawa yeye mwenyewe alikikalia siku chache tu akija likizo. Safari hii amerudi kwa kudumu. Goti limemshinda, kampuni ya ulinzi imemwambia apumzike, na buti zake nyeusi zimesimama kando ya mlango kama zinangoja mtu mwingine azivae. Mimi na yeye tumekuwa kama wageni wawili waliokutana sebuleni kwa watu: tunapitishiana chumvi, tunaulizana kama maji yamechemka, tunamsubiri Mama arudi kutoka saluni ili nyumba ipate mwenye kuisemesha. Kwa hiyo swali lile lilinikuta mikono ikiwa kwenye vitunguu, nikabaki nimeshika kisu. "Nyigu wa besiboli?" nikamuuliza, kana kwamba tuna Nyigu wengine. "Ee," akasema. "Bale ba mvua." Halafu akatazama nje tena, nami nikakata vitunguu vingi kuliko nilivyohitaji, kwa sababu sikujua kwamba na yeye alikuwa ameuweka mwaka ule mahali fulani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nazungumzia mwisho wa 2015 na miezi ya kwanza ya 2016, majira ya joto ambayo mvua ilikataa kuja Johannesburg. Kwa kawaida hapa jua hupika jiji tangu asubuhi, alasiri mawingu yanapanda kutoka kusini, ngurumo, mvua ya mawe, na jioni jua linatoka tena kama halikuwepo kwenye ugomvi. Mwaka ule mawingu yalipanda, yakatuangalia, yakaondoka. Televisheni ilionyesha matope yaliyopasuka mahali palipokuwa bwawa, shuleni tulikatazwa kuacha bomba wazi, na Mama alitusimamisha ndani ya beseni tukioga ili maji yaleyale yakasafishe sakafu. Nilikuwa mwoga wa watu. Nikitumwa spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate nilikariri sentensi njia nzima, na nikikuta foleni nilishukuru, maana nilipata nafasi ya kukariri tena. Darasani niliongea nikiulizwa tu. Yaliyobaki niliyaandika jioni kwenye shajara, na leo nikiifungua nacheka, kwa sababu mtu mwingine angeisoma angedhani niliishi kwa chakula na mawingu. Leo sombe na samaki wadogo. Mawingu upande wa Alberton. Hakuna kitu.

Papa alikuwa mlinzi wa lango kwenye uwanja wa besiboli juu kidogo ya Rosettenville, mwendo wa miguu kutoka vyumba viwili vya nyuma tulivyopanga. Klabu ilikuwa na jina la Kiingereza na picha ya nyigu kwenye kofia. Papa aliwaita Nyigu, basi kwetu ikawa hivyo. Kila Jumamosi, Mama akiwa Yeoville anasuka vichwa vya watu, mimi nilimpelekea Papa chakula kwenye skaftini, lile kopo la mfuniko ambalo kila mfanyakazi wa jiji hili anatembea nalo, likiwa limeviringishwa kitambaa ili ugali usipoe. Nilipaswa kukabidhi na kurudi. Lakini vyumba vyetu vilikuwa na bati juu, na ndani yake alasiri ilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Uwanjani kulikuwa na kisima, kwa hiyo kulikuwa na majani mabichi, pengine majani mabichi pekee niliyoyaona kiangazi kile cha ajabu. Nikaanza kubaki. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, nyuma ya wavu, mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza kitu, na nikasikia ule mlio wa gongo likikutana na mpira, mlio mkavu, mfupi, unaokuja nukta moja baada ya jicho kuona. Nilipenda kwamba sauti inachelewa. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Mwanzoni hatukuelewa kitu, si mimi wala Papa. Tulijifunza kwa kutazama. Timu moja inarusha, nyingine inapiga. Mpigaji akiupiga mpira vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia, na hapo timu yake inapata pointi. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametolewa; wakitolewa watatu, zamu inabadilika. Timu zote mbili zikishapiga, hiyo ni awamu moja, na awamu ziko tisa. Basi. Mengine ni kusubiri, na kusubiri tulikujua vizuri. Siku moja mchezaji aliyekuwa amesimama kituo cha kwanza alimvizia mrushaji, akaona amegeuka, akachomoka mbio hadi kituo cha pili bila mtu kupiga chochote. Watu wakashangilia. Papa akainuka kwenye kiti chake cha langoni.

"Faida, umeona ile?"

"Nimeona, Papa."

"Mwenyewe haangalie, weye unapita. Na banamupigia makofi! Mimi nikiacha mtu apite hivi hapa mlangoni, kesho sina kazi."

Alimchukia kijana yule kwa muda mrefu. Kisha Jumamosi moja mchezaji wa timu ngeni akajaribu ujanja uleule kwetu, akakamatwa katikati ya njia, na nikamsikia Papa akisema peke yake, kwa sauti ya chini na ya kuridhika sana, "Sharp."

Alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Mara nyingi mpigaji huukwaruza tu mpira ukaruka nyuma yake, juu ya wavu, ukaangukia barabarani. Pigo hilo halina faida kwa mtu wala halimtoi mpigaji, ila lazima mpira ufuatwe, kwa sababu refa huwa nayo michache. Aliyeufuata alikuwa Papa. Alitoka langoni kwa mwendo wake wa mlinzi, taratibu, kichwa juu, akiangalia kushoto na kulia kama aliyetumwa kukagua mtaa. Akauokota, akaufuta kwenye suruali, akarudi kwa mwendo uleule. Na alipomkabidhi refa alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, magoti yamelegea kidogo, jinsi tunavyompa mtu wa heshima kitu chochote kule Bukavu, hata kikombe cha maji. Wachezaji walimwita Malume, yaani mjomba kwa Kizulu, na mwanzoni walitabasamu wakimwona. Kufikia Krismasi nilimwona refa mmoja, Mzungu mnene mwenye masharubu, naye akipokea mpira kwa mikono miwili, na nina hakika hakujua mikono yake imejifunza lini.

Halafu kulikuwa na Dona Lurdes, bibi wa Kireno aliyepika kwenye kibanda cha klabu mikate ya nyama na kitunguu saumu iliyonukia mpaka kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kubwa. Yeye pia ndiye aliyekuwa akitundika namba za pointi kwenye ubao, na miguu yake haikupenda ngazi. Siku moja alininyooshea namba tatu ya bati bila kuniuliza jina. "Wewe wa kimya," akasema kwa Kiingereza chake kilichojaa Kireno, "panda." Nikapanda. Huko juu niliona uwanja wote, na lango, na barabara nyuma yake, na paa za Rosettenville zikitetemeka kwa joto, na hakuna aliyeniona mimi, maana watu hutazama namba. Nafikiri sijawahi kukaa mahali pazuri kuliko pale. Dona Lurdes alinieleza mambo kutoka chini huku akigeuza nyama, bila kungoja nijibu, na jambo hilo lilinifaa sana.

Nyigu walikuwa wabovu, tuseme ukweli. Kabla ya Krismasi walifungwa na karibu kila aliyekuja. Timu zilikuwa nane, na nne bora ndizo zingeingia mchujo mwisho wa msimu. Sisi tulikuwa chini kabisa na hata Dona Lurdes alikuwa ameanza kuzungumzia mwaka ujao. Kisha mwaka mpya ukaingia na mrushaji wetu, Themba, kijana wa mikono mirefu aliyekuwa anabadilisha matairi siku za kazi, akapata kitu. Sijui alikipata wapi. Mpira ulitoka mkononi mwake kama kawaida halafu, karibu na mpigaji, ukabadili mawazo. Tukashinda. Jumamosi iliyofuata tukashinda tena. Nikaanza kuota namba. Darasani nilipiga hesabu za nani akimfunga nani sisi tunapanda wapi, na mwalimu alipoita jina langu niliinuka nikiwa bado kwenye nafasi ya sita. Ilikuwa raha tupu, raha ya mtu asiye na cha kupoteza, mpaka jioni moja ya Februari.

Vyumba vyetu viwili vilitenganishwa na pazia. Nilikuwa upande wangu, naandika. Upande wa pili Papa alikuwa anakula na Mama alikuwa anafumua nywele zake mwenyewe, nikisikia kitana kikigonga bakuli kila alipokiweka chini.

"Bosi ananiita leo," Papa akasema. "Mkataba na ile klabu unaisha. Mechi yabo ya mwisho pale uwanjani, njo siku yangu ya mwisho. Banafunga lango mpaka mwaka ingine."

"Na kisha?"

"Limpopo. Kwenye mgodi. Kule banalala palepale."

Kitana kiligonga bakuli. "Mechi ya mwisho ni lini?"

"Inategemea. Bakiingia nne bora, bako na Jumamosi ingine pale. Bakiendelea, labda ingine tena. Bakikosa, ni ile ya Machi, basi."

Nikasikia Mama akisukuma bakuli kando. "Na weye, unataka nini?"

Nilishika kalamu hewani. Nilitaka kusikia jibu lile kuliko kitu chochote, na nilichosikia ni kijiko kikikwangua chini ya sahani. "Kazi ni kazi," Papa akasema. "Kuko sombe ingine?"

Tangu usiku ule sikuweza tena kuwatazama Nyigu kwa raha. Watu wengine uwanjani walipenda timu ishinde kwa sababu watu hupenda timu zao zishinde. Wangefungwa wangekunywa bia yao, wakatukana, wakaenda nyumbani. Mimi kila mpira uliorushwa niliuona umebeba buti za Papa. Sasa nikiwa mtu mzima nadhani hata wale wa bia labda walikuwa na kitu nyuma ya kelele zao, mtu hajui. Lakini wakati ule niliamini niko peke yangu, juu ya ngazi, nimekumbatia namba za bati zilizopata moto wa jua, nikiogopa. Papa mwenyewe hakuonyesha chochote. Aliendelea kutoka langoni kwa mwendo wake, kuokota, kufuta, kukabidhi. Nilimtazama kwa makini nikitafuta dalili. Nilifikiri: huyu mtu anataka kwenda. Au hajali. Nilimkasirikia kidogo, hivyo tu, bila kumwambia.

Tulipanda hadi nafasi ya tano. Ikabaki mechi moja, kwetu, na timu ya upande wa mashariki waliokuwa wa nne. Tukishinda, tunawapita. Tukifungwa au tukigawana pointi, wao wanakwenda mchujo na Papa anakwenda Limpopo. Na Jumapili iliyotangulia, kanisani kwetu, Mchungaji akasimama mbele na kutangaza mfungo wa mvua. Nchi imekauka, akasema, ng'ombe wanakufa, sisi ni wageni hapa lakini maji tunakunywa pamoja. Tutafunga na kuomba kuanzia Alhamisi, na Jumamosi mchana tutamaliza kwa maombi ya pamoja, na mvua itatukuta hapahapa. Watu wakasema amina kwa nguvu. Mama alikuwa kiongozi wa waombezi. Alisimama na kuchukua jambo lile kama mtu anayepokea mtoto. Nilikaa nimekodoa macho. Jumamosi. Kati ya siku zote.

Nilikwenda kwa Dona Lurdes baada ya shule, peke yangu, nimekariri sentensi tangu kona ya kwanza. Alikuwa anasugua jiko. "Mvua ikinyesha Jumamosi, inakuwaje?" Alinitazama kama ubao umemsemesha. Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza taratibu. Mechi ikivunjwa na mvua mapema, pointi zinagawanywa. Lakini kuna awamu ya tano. Kama sisi tunaongoza, na wageni wamemaliza kupiga zamu yao ya tano, mechi inahesabika. "Baada ya hapo," akasema akielekeza dari kwa brashi, "inyeshe hata dagaa, tumeshinda."

Kanisa letu lilikuwa zamani duka la samani. Kwenye kioo cha mbele bado ungeweza kuona kivuli cha neno la punguzo la bei. Ndani tulisimama kwa mistari, viti vimesukumwa ukutani. Kwetu maombi hayaombwi kwa zamu. Mchungaji anasema, "Tupaze sauti!" na kila mtu anaomba lake kwa wakati mmoja, kwa nguvu zote, Kiswahili, Kifaransa, Kishi, mpaka sauti zinakuwa kitu kimoja kama maji ya bomba kubwa. Miaka yote nilikuwa nimesimama ndani ya kelele ile nikichezesha midomo tu. Ijumaa ile, njaa imenifanya mwepesi, kizunguzungu kidogo, niligundua kitu: katika chumba kile hakuna mtu angeweza kunisikia. Pembeni yangu Mama alikuwa ameinua mikono, jasho likimtiririka shingoni, anaita mvua kwa majina. Nikafungua mdomo. Kwanza nikasema kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, halafu nikapiga kelele, mimi, Faida: "Bwana, mvua isije Jumamosi!" Nikaona nimewasaliti wote, na ng'ombe pia. Nikajirekebisha. "Bwana, basi ije. Ije kabisa. Lakini isubiri awamu ya tano!" Niliieleza yote, sheria nzima, na nani lazima awe anaongoza, kwa sababu sikuwa na hakika kama Mungu anafuata besiboli. Nilipomaliza koo liliniuma na Mama alikuwa amenishika mkono, macho yamefumba, anatikisa kichwa kukubali. Alidhani tunaomba kitu kimoja.

Jumamosi anga lilikuwa safi mpaka mchana. Nilimpelekea Papa skaftini ingawa mimi nilikuwa nimefunga; akafungua, akaona maharage na wali, akafunga tena. "Nitakula kisha," akasema. Hakuwahi kusema hivyo. Awamu ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Awamu ya tatu mpigaji wetu wa mwisho, aliyekuwa hapigi hata nzi, aliupeleka mpira mbali kulia na wenzake wawili wakazunguka mpaka walipoanzia. Nikatundika namba mbili, na nilipogeuka nikaona mawingu. Yalikuwa yamesimama juu ya Alberton, meupe juu, ya bluu nzito chini, kama yale ya miaka mingine. Katika awamu ya nne wageni wakapata moja. Mbili kwa moja. Upepo ukabadilika ukaleta harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine, na kutoka chini ya mtaa, kutoka duka la zamani la samani, nilisikia kwa mbali sana kelele za watu wetu wakiomba. Nakumbuka kila kitu kikawa polepole, na mwanga ukawa wa manjano, ule mwanga ambao nyuso zote zinaonekana kama zimewashwa kwa ndani.

Wageni walijua sheria kama sisi. Awamu ya tano ilipoanza, mpigaji wao wa kwanza alifunga kamba za viatu. Akafungua, akafunga tena. "Eish, mfungieni mtu huyu viatu!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa wale wa bia. "Nimwitie mama yake?" Akatolewa. Wa pili aliomba kubadilisha gongo, akatembea kwenda kulichukua kama bwana harusi, akatolewa naye. Ngurumo ikapita chini chini, refa mwenye masharubu akatazama juu. Radi ikikaribia angetutoa wote. Mpigaji wa tatu alikuwa mkubwa, mtulivu, na hakuhitaji ujanja wowote. Kila alichorushiwa alikikwaruza kikaruka nyuma, juu ya wavu, barabarani. Mmoja. Mwingine. Mwingine. Refa akatia mkono kwenye mfuko wake wa mipira na mkono ukatoka mtupu. Watu wakageuka kutazama lango.

Na Papa akakimbia.

Sijui nitaelezaje. Sikuwahi kumwona baba yangu akikimbia. Alitoka langoni na buti zile nzito, mkono mmoja umeshika kofia, tai ya kampuni imerukia begani, akashuka barabara mbio, akaokota miwili kwenye mfereji, akasimama katikati ya njia akizunguka, hauoni mwingine. Mimi juu ya ngazi nilikuwa nauona. Ulikuwa umebingirika chini ya bakkie nyeupe iliyoegeshwa ng'ambo. Mbele ya uwanja mzima, mbele ya Wazungu na Wareno na wale wa bia, sauti ikanitoka, ile ya kanisani: "Papa! Kushoto! Chini ya bakkie, Papa, chini ya gari!" Alilala kifudifudi kwenye lami na sare yake ya kazi. Aliinuka nao. Alipanda mlima ule mbio, mdomo wazi, uso wake umevuliwa kila kitu, na nikaona, wazi kabisa kama namba kwenye ubao, jibu ambalo hakumpa Mama. Alifika kwa refa akihema kama mnyama. Na hapo, ngurumo juu, timu mbili zimesimama, akatulia, akaifuta mipira kwenye suruali, mmoja mmoja, akanyoosha mkono wa kulia, akashika kiwiko. Hakuruka hata kitu kimoja. Refa akapokea kwa mikono miwili.

Themba alirusha. Yule mkubwa akaupiga kwa chini, ukapanda, ukapanda moja kwa moja juu ndani ya wingu, na mdakaji wetu akatupa barakoa yake na kuanza kuzunguka na glovu wazi kama mtu anayetafuta nyota mchana. Tone la kwanza lilinipiga shavuni. Mpira ulikaa kule juu muda mrefu. Wakati mwingine nadhani bado uko. Halafu ukashuka, ukaingia kwenye glovu, na anga likapasuka.

Tulisubiri chini ya bati la kibanda, Dona Lurdes akigawa mikate bure na kulia, mpaka refa akatikisa mikono: imekwisha, mbili kwa moja. Na kupitia ukuta wa maji nikaona kanisa letu lote linapanda barabara, wanawake wamevua viatu, wanaimba, wanacheza, Mama mbele, nywele zote zimeshuka. Akaona watu wanarukaruka ndani ya uwanja, akamwona mumewe langoni amelowa chapachapa, anacheka.

"Munaona?" akapiga kelele. "Munaona? Mungu anajibu!"

"Anajibu kabisa!" Papa akajibu, akamshika mikono, wakacheza palepale getini, kila mmoja kwa sababu yake.

Tulipata Jumamosi moja. Nusu fainali ya kwanza ilichezwa kwetu na tulifungwa vibaya, Themba aliamka na mkono mzito, kitu kile alichokipata kikawa kimekwenda kilikotoka; wiki iliyofuata wakafungwa tena ugenini na msimu ukaisha. Lakini Jumamosi ile Mama alifunga saluni akaja. Alileta sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, kwenye gazeti na akakaa kwenye kiti kilichowekwa karibu na cha Papa, langoni, na mimi nikashuka kwenye ngazi nikakaa chini katikati yao. Majani yalikuwa yanameta. "Wetu ni bale beupe?" Mama akauliza. "Beusi," Papa akasema. "Na banafanya nini sasa?" "Banafungwa." "Ah, bon." Akampa samaki. Papa akamweleza habari za yule mwizi wa kituo cha pili, kwa muda mrefu, akisimama na kuonyesha kwa mwili, na Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Hakuna kingine kilichotokea. Mchana ulipita juu yetu taratibu, mpira ukiruka Papa alitembea kuufuata kwa mwendo wake wa zamani, na kwenye shajara niliandika mstari mmoja tu, sambaza, jua, Mama alikuja. Jumatatu gari la kampuni likampigia honi nje.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka. Hakutaka kuingia, alitaka kusimama nje, karibu na lango. Kibanda kina watu wengine, na ubao sasa ni wa umeme, namba zinabadilika zenyewe. Kiti cha mlinzi ni cha plastiki, na aliyekikalia ni mlinzi kijana ambaye hakutujua. Tulishika uzio kwa vidole. Halafu mlio ule mkavu, na mpira ukapita juu ya wavu, ukadunda barabarani, ukabingirika kuelekea mfereji. Mlinzi akainuka, lakini Papa alikuwa ameshainua kiganja: acha. Akashuka na goti lake bovu, kichwa juu, akiangalia kushoto na kulia. Akauokota. Akaufuta kwenye suruali. Akarudi, akanyoosha mkono wa kulia, akashika kiwiko, na kijana yule akapokea kwa mikono miwili, kama walivyomfunza kwao.

Papa akaja kusimama karibu nami, akihema kidogo. Juu ya Alberton mawingu yalikuwa yanapanda.

"Iko awamu ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu."

Akatazama juu, macho yamefinywa. "Itanyesha."

"Inyeshe tu, Papa," nikasema.